Barua ya wazi: Sindano za kukomaza mapafu ziandikwe kwenye kadi za watoto wetu

Kwa:
Mganga Mfawidhi na Bodi ya hospitali ya rufaa nilikotibiwa nikiwa mjamzito (jina silitaji, barua zangu mnazo),
na viongozi wote mnaosimamia huduma za mama na mtoto nchini Tanzania.

YAH: KUTOANDIKWA, KUTOELEZWA NA KUTOFUATILIWA KWA SINDANO ZA KUKOMAZA MAPAFU WANAZOCHOMWA WAJAWAZITO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa darasa la pili. Mimba yake ilipofika kama wiki ya 30 nilishikwa na uchungu, nikaletwa wodi ya wazazi, nikachomwa sindano nne za deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto aliye tumboni, ndani ya siku mbili. Uchungu ukatulia, nikaruhusiwa, na mtoto akaja kuzaliwa kwa wakati wake, wiki ya 39, kilo tatu na ushee, sauti yake ikisikika hadi kwenye korido. Nilishukuru, na hadi leo nashukuru.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Nilianza kwa mdomo kwenye chumba cha kumbukumbu, nikaambiwa niandike barua. Nikaandika, ikagongwa mhuri wa "IMEPOKELEWA", nakala ninayo. Nilipofuatilia, nikaambiwa mafaili ya mwaka ule yameshushwa stoo na mwenye ufunguo yuko likizo. Dawati la malalamiko likanipeleka kwa muuguzi kiongozi, muuguzi kiongozi akanirudisha kumbukumbu. Mwishowe mtumishi mmoja, kwa upole kabisa, akaniuliza: "Mama, mtoto si yuko hai? Sasa unatafuta nini tena?"

Ninachotafuta nitakieleza. Lakini kwanza niweke jambo moja sawa, asije mtu akaichukua nusu ya barua hii na kwenda kutisha nayo wajawazito. Sizipingi sindano hizi. Dada yangu unayesoma hapa, ukishikwa na uchungu kabla ya wakati na daktari akaona mtoto yuko njiani, chomwa. Tangu mwaka 1972, madaktari Graham Liggins na Ross Howie walipochapisha utafiti wao wa Auckland, New Zealand, uliohusisha kina mama 282, dunia inajua kwamba dawa za aina hii humwandaa mtoto njiti kupumua. Liggins alikuwa ameanzia kwa kondoo: wanakondoo waliozaliwa mapema mno, ambao kwa hesabu zote hawakupaswa kupumua, walipumua. Na karibu nasi zaidi, mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali 29 za nchi tano, Kenya ikiwemo. Kina mama 2,852 walishiriki. Miongoni mwa watoto ambao mama zao walipewa deksamethasoni, waliofariki katika siku 28 za mwanzo walikuwa asilimia 19.6, ambao hawakupewa, asilimia 23.5. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana. Hao ni watoto wa watu waliookolewa, na mwenye akili hawezi kulibeza hilo.

Malalamiko yangu yanaanzia pale sindano inapotolewa kwenye mkono wa mama na pamba kutupwa kwenye ndoo. Kuanzia hapo, dawa hii haina mwenyewe.

1. Haikuandikwa mahali ambapo mtoto anaweza kuikuta.

Kadi ya kliniki ya mwanangu ninayo mbele yangu ninapoandika. Kona zimelika, jalada nimelibandika selotepu. Ndani kuna BCG, tarehe na namba ya kundi la chanjo. Kuna matone ya polio, pentavalenti, surua-rubella. Kuna vitamini A na dawa ya minyoo, mwandiko wa watu tofauti, kalamu ya bluu na nyeusi. Kuna mchoro wa ukuaji wenye rangi zake, na nukta za uzito wake zikipanda mwezi kwa mwezi. Hata siku aliyokohoa kidogo tu, nesi aliandika pembeni "kikohozi, mama ashauriwe". Deksamethasoni haimo. Haimo kwenye kadi yangu ya ujauzito, haimo kwenye karatasi ya ruhusa niliyopewa siku ile, ambayo imeandikwa tu "uchungu wa mapema, umetulia, arudi kliniki". Dawa yenye nguvu kuliko zote alizowahi kupata tangu atungwe mimba imebaki kwenye faili la wodi, na faili liko stoo.

Nilikuja kulitambua pengo hili siku daktari wa watoto aliponiuliza kwa utaratibu wake wa kawaida: ujauzito ulikuwaje, uliumwa nini, ulipewa dawa gani? Nikamweleza kuhusu sindano. Akauliza ilikuwa dawa ipi hasa, kiasi gani, wiki ya ngapi, na kama zilirudiwa. Nilijua jina la dawa kwa sababu niliona kichupa. Mengine sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Kina mama wengine niliolazwa nao wakati ule, ambao bado tunawasiliana kwenye kundi letu la simu, hawajui hata jina. Wanasema tu "nilichomwa zile za mapafu".

2. Haikuelezwa.

Nilimuuliza sista, "Hii ya nini?" Akajibu, "Ya mtoto, mapafu." Basi. Simlaumu yeye, usiku ule wodi ilikuwa na wanawake wawili wawili kitandani na yeye alikuwa anakimbia. Lakini kesho yake asubuhi daktari alipita, kukawa na utulivu, na hakuna aliyeongeza neno.

Mjamzito anayo haki ya kuambiwa anachotiwa mwilini, tena maelezo yenyewe si magumu. Mimi si mtaalamu. Nimesaidiwa na mdogo wangu anayesomea ufamasia, na nimeyaelewa. Kila mtu ana homoni ya kortisoli, ile inayopanda tunapokuwa na hofu au msongo. Kortisoli ya mama haimfikii mtoto yote, kwa sababu kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoivunja njiani, hivyo mtoto hukua akiwa amekingwa na misukosuko ya mama yake. Deksamethasoni, na betamethasoni ambayo ni dawa ya jamii yake, zimetengenezwa kwa namna ambayo kimeng'enya hicho hakiziwezi. Zinapita. Ndiyo maana zinafika kwenye mapafu, na ndiyo maana ndizo zinazochaguliwa. Ila zikishapita haziishii kwenye mapafu. Zinafika kwenye ubongo unaojengwa, penye mfumo utakaoamua mtoto huyu atashtuka kiasi gani na atatulia kwa haraka gani maisha yake yote. Zinafika pia kwenye viungo vinavyofundisha kinga ya mwili kupambana na maradhi. Dawa hizi hizi, kwa mtu mzima, tunazitumia kuishusha kinga pale inapopigana kupita kiasi. Mwaka 2020 kila mtu alizisikia wakati wa korona kwa sababu hiyo hiyo.

Maelezo hayo yanachukua muda wa kunywa chai. Na kama ningeeleweshwa, nisingekataa sindano. Ningekubali nikijua.

3. Sisi tuliochomwa kisha tukajifungua kwa wakati hatumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Hapa ndipo kiini cha barua yangu, na naomba msome taratibu.

Mtoto anayezaliwa njiti ana watu wanaomwangalia. Kuna wodi yake, kuna huduma ya kangaruu, ya kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, kuna kliniki ya marejeo, kuna siku yake duniani kila tarehe 17 Novemba, na hata sheria zetu za kazi zilirekebishwa mwaka 2025 ili mzazi wake aongezewe likizo. Haya yote ni mema na yalipiganiwa na watu waliojitoa. Mtoto aliyechomewa mama yake sindano zile zile, kisha uchungu ukatulia na akazaliwa wiki ya 39, anahesabiwa kuwa mtoto wa kawaida. Hakuna anayemtafuta. Wala hakuna anayejua yupo.

Na si wachache. Nchini Finland, ambako kila mzazi na kila mtoto yumo kwenye daftari la taifa, watafiti wakiongozwa na Katri Räikkönen walifuatilia watoto 670,097 na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Waliopata dawa za aina hii tumboni walikuwa 14,868. Kati yao, asilimia 45 walizaliwa kwa wakati. Karibu nusu! Yaani hata katika nchi yenye ultrasaundi kila kona, karibu nusu ya watoto walipata dawa ya unjiti na unjiti wenyewe haukuja. Je, kwetu, ambako umri wa mimba mara nyingi unatokana na kumbukumbu ya mama kuhusu hedhi yake ya mwisho?

Walichokikuta kwa watoto hao waliozaliwa kwa wakati ni hiki: waliopata dawa, asilimia 8.89 waligundulika kuwa na tatizo la akili au la tabia utotoni. Ambao hawakupata, asilimia 6.31. Yalikuwa matatizo ya umakini, ya hisia, ya usingizi, ya ukuaji wa akili. Wakaenda mbali zaidi, wakalinganisha ndugu wa mama mmoja, mmoja alipata na mwingine hakupata, ili isije ikasemwa ni mambo ya ukoo au ya malezi. Tofauti ilibaki.

Kabla ya hapo, mwaka 2012, watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliwapima watoto wa miaka 6 hadi 11 waliozaliwa kwa wakati. Waliwapa zoezi la kuwatia wasiwasi kidogo mbele ya watu, kisha wakapima kortisoli kwenye mate. Waliochomewa sindano tumboni kortisoli yao ilipanda juu zaidi kuliko wenzao.

Kuhusu kinga, mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Taiwan uliotumia kumbukumbu za watoto karibu milioni mbili. Waliopata kozi moja tu, yaani mfululizo mmoja wa sindano za aina hii, walionekana kulazwa zaidi kwa maambukizi makali katika miezi 12 ya mwanzo: maambukizi ya damu, nimonia, na kuharisha kukali. Nawaomba mtafakari maana ya orodha hiyo kwetu. Taiwan mtoto akipata nimonia anafika hospitali mchana ule ule. Kwetu, nimonia na kuharisha ndiyo magonjwa ambayo kila mwezi tunawazika nayo watoto wadogo. Kama kuna kundi la watoto ambalo linahitaji jicho la ziada katika mwaka wake wa kwanza, sisi ndio tulio na sababu kubwa zaidi ya kulijua.

Mwanangu alilazwa kwa nimonia kabla hajatimiza mwaka, na akarudi tena. Siku hizi kifua kimetulia. Kilichobaki ni hofu. Kengele ya shule ikilia anaziba masikio. Akikosea hesabu moja, anafuta mpaka karatasi inatoboka, kisha analia kwa sababu karatasi imetoboka. Usiku anaamkaamka na kuja kugusa mkono wangu kuona kama nipo. Ni mtoto mwenye upendo mwingi, na mwalimu wake anasema ana akili ya kusoma. Sisemi ni sindano. Wapo watoto tele ambao hawakuchomewa chochote na wana hofu kumshinda; wapo waliochomewa na ni imara kama mbuyu. Kwa mtoto mmoja huwezi kujua, na mama anayesema anajua anajidanganya. Ila kwa watoto elfu kumi unaweza kujua, kama tu waliandikwa.

4. Zinatolewa kwa kukisia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hausemi mchome kila mwenye tumbo linalouma. Unaweka masharti: umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, kati ya wiki 24 na 34, pawe na uwezekano mkubwa kwamba mtoto atazaliwa ndani ya siku saba, mama asiwe na dalili za maambukizi, na hospitali iwe na uwezo wa kumhudumia mama na mtoto njiti. Masharti hayo yana historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya majirani zetu.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa wa nchi sita: Argentina, Guatemala, India, Pakistan, Zambia, na Kenya upande wa magharibi. Nia ilikuwa njema kabisa: kuipeleka dawa hii chini, hadi kwenye zahanati na kwa wahudumu wa vijijini, iwafikie kina mama wasiofika hospitali kubwa. Matokeo yakawashtua wote. Watoto wachanga waliokufa hawakupungua. Kwa jumla waliongezeka, vifo 3.5 zaidi kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Maambukizi kwa kina mama nayo yaliongezeka. Na wengi wa waliochomwa wakajifungua watoto ambao hawakuwa wadogo hata kidogo. Walipewa dawa isiyowahusu. Miaka mitano baadaye ndipo ule utafiti wa hospitali 29 nilioutaja mwanzo ukaonyesha faida, lakini huko walitumia ultrasaundi kuhakiki umri wa mimba na walichagua kwa makini mama wa kumchoma.

Dawa ni ile ile. Kilichotofautisha faida na msiba ni uangalifu. Sasa niambieni: usiku ule nilipoletwa, umri wa mimba yangu ulihesabiwa kwa vidole, kutoka tarehe niliyoitaja mimi nikiwa napiga kelele za uchungu. Mashine ya ultrasaundi ilikuwepo, chumba kimefungwa hadi Jumatatu. Hili nalitaja kwa sababu linarekebishika.

Kuna pia kurudiarudia kozi. Mama akirudi na uchungu baada ya wiki mbili katika hospitali nyingine, na kadi yake haina chochote, huchomwa upya kama vile hajawahi. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kozi nyingi zinapunguza uzito na urefu wa mtoto anapozaliwa na mzunguko wa kichwa chake. Mstari mmoja kwenye kadi ungemzuia daktari wa pili asirudie bila kujua.

5. Deksa ya dukani.

Hili nalipitia haraka kwa sababu si la hospitali peke yake. Vidonge vya deksa vinauzwa mitaani bila cheti, kwa wanaotaka kunenepa, kwa wenye mzio, kwa wenye pumu. Hakuna anayemuuliza msichana kama ana mimba. Mnaosimamia maduka ya dawa mnalijua.

Najua mtakachojibu, maana mengine nimeshayasikia kwenye korido zenu.

Mtasema nitawatia hofu kina mama wakatae sindano, watoto wafe. Wasiwasi huo nauheshimu kuliko mwingine wowote, na ndiyo maana nimeanza barua hii kwa kusema chomweni. Lakini kinachozaa hofu ni kificho. Mama anayeambiwa "hii itamsaidia mwanao kupumua, ina faida kubwa kuliko hatari, tutaiandika kwenye kadi na tutamwangalia mtoto wako" hatakimbia. Atakayekimbia ni yule atakayekuja kusikia mambo nusunusu kwenye simu kutoka kwa watu wasiojua, wakati nyie mmekaa kimya.

Mtasema ushahidi haujakamilika, kwamba Finland na Taiwan zimeonyesha uhusiano tu na wala si chanzo. Ni kweli, tena nitawaongezea silaha. Watoto wa utafiti ule wa kwanza wa Auckland walifuatwa hadi wakiwa watu wazima wa miaka 31, wakapimwa akili, hisia na hali ya maisha yao, na hapakuonekana tofauti ya maana kati ya waliopata na ambao hawakupata. Nchini Marekani, watoto ambao mama zao walichomwa kati ya wiki ya 34 na ya 36 walifuatwa hadi umri wa kuanza shule, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha madhara katika ukuaji wa akili. Niliposoma hayo nililala vizuri kidogo. Lakini angalieni: Auckland wamejua kwa sababu waliandika. Finland nao wamejua kwa sababu waliandika. Anayesema ushahidi hautoshi huku hataki kuandika, amejipangia usitoshe milele. Tena watu wa Auckland, baada ya vipimo vile vya miaka 31, waliendelea kufuatwa hadi karibu miaka hamsini. Sisi, ambao lishe yetu, malaria yetu na mazingira yetu ya kujifungua ni tofauti kabisa na ya kwao, hatuna hata orodha ya majina.

Mtasema watoto njiti wangeugua hata bila sindano. Wangu hakuwa njiti.

Mtasema hakuna fedha wala watumishi. Kuhusu ultrasaundi usiku na wikendi, nakubali, ni fedha. Kuhusu kliniki ya kuwafuatilia watoto, ni fedha pia. Kuandika kwenye kadi si fedha. Nesi aliyeweza kuandika "kikohozi, mama ashauriwe" anaweza kuandika "deksamethasoni 6 mg mara 4, wiki ya 30". Kalamu ni ile ile.

Basi, Waheshimiwa, ninayoomba ni haya.

Kwa hospitali yangu: nipatieni nakala ya faili langu, au mniandikie kwa barua yenye saini kwamba limepotea. Jibu lolote kati ya hayo mawili nitalipokea. Kimya sitakipokea. Na kina mama wote waliochomwa kwenu, ambao mafaili yao bado yapo, wakija na kadi za watoto wao waandikiwe taarifa hiyo, kwa umri wowote mtoto aliofikia.

Kwa wanaosimamia huduma nchi nzima: kadi ya ujauzito na kadi ya mtoto ziwe na mstari wa sindano za kukomaza mapafu, wenye nafasi ya jina la dawa, kiasi, tarehe, wiki ya mimba, na jinsi wiki hiyo ilivyojulikana, kwa ultrasaundi au kwa hedhi. Hata kabla kadi mpya hazijachapishwa, toeni waraka wa ukurasa mmoja ili waandike pembeni, kama wanavyoandika mengine. Taarifa hiyo iingie pia kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali, mtoto aweze kupatikana hata kadi ikiungua au ikiliwa na panya.

Maelezo kwa mama yawe sehemu ya huduma. Andaeni karatasi moja ya Kiswahili chepesi, inayosema dawa inasaidia nini, nini bado kinachunguzwa, na dalili zipi za maambukizi zimkimbize hospitali katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Mama asiyejua kusoma asomewe. Aliyeletwa akiwa kwenye uchungu mkali aelezwe kesho yake.

Masharti yale ya Shirika la Afya Duniani yabandikwe kwenye ukuta wa kila wodi ya wazazi, na daktari anayechoma nje ya masharti hayo aandike sababu. Hasa pale mama anapochomwa kwa ajili ya upasuaji uliopangwa mimba ikiwa imeshakaribia kutimia. Huko faida ni ndogo zaidi na maswali ni mengi zaidi.

Na mwisho, vyuo vyetu vikuu vya afya viwezeshwe kuanzisha ufuatiliaji wa watoto hawa, waliozaliwa njiti na waliozaliwa kwa wakati kwa pamoja, hadi wafike darasa la saba: kulazwa kwao, usingizi wao, hofu zao, maendeleo yao shuleni. Wanawake wa Kenya, Zambia na kwingineko walijitolea kuonyesha kama dawa inaokoa uhai wa watoto wachanga. Watoto waliookoka wana haki ya kujua waliokoka na nini, na nasi wazazi tuambiwe matokeo kwa lugha tunayoielewa.

Kina mama wenzangu wa kundi letu wameisoma barua hii kabla sijaituma na wameafiki kila ombi. Wako tayari kuja na kadi za watoto wao siku yoyote mtakayoitaja, na mmoja wetu, ambaye ni mhasibu, amejitolea kuingiza taarifa kwenye kompyuta bila malipo endapo shida ni mikono.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya tarehe 17 Novemba mwaka huu. Anwani yangu iko kwenye barua zilizogongwa mhuri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama mzazi, Morogoro
(jina nimelihifadhi kwa ajili ya mtoto; hospitali inalijua)

Nakala: Kina mama wa kundi letu.